Godoro Lisilouzwa

Kazi yangu ni kulala. Nikisema hivyo watu hucheka, na wenye wivu hununa, lakini ndiyo kazi inayonilisha. Katika karakana ya mjomba wangu, fundi wa magodoro ya usufi, kila godoro likishashonwa lazima mtu alilalie robo saa kabla halijaenda kwa mwenyewe, ili mgongo uhakikishe kwamba hamna uvimbe, wala bonde, wala mbegu iliyosahaulika ndani. Mtu huyo ni mimi. Wenzangu wawili wanaopiga usufi kwa fimbo kule uani wamenibandika jina la Bi Usingizi, na siku hizi hata wateja huuliza, "Bi Usingizi ameshalilalia?" Kama bado, wanasubiri.

Watu hawajui kwamba kulala kwa kazi kunachosha. Unalala chali, mikono kando, unatuliza pumzi, kisha unausikiliza mgongo. Juu yako pana bati moja la kupitisha mwanga, na ndani ya mwanga huo usufi unaelea, unapanda badala ya kushuka, hauna haraka ya kutua popote. Macho yanakuwa mazito. Mgongo unabaki kazini, mwenye mgongo anaondoka. Nimeota ndoto nyingi juu ya magodoro ya watu. Juu ya godoro la maharusi niliota maji ya uvuguvugu yanapita chini ya kitanda na viatu vinne vikielea, viwili viwili. Juu ya godoro la mwalimu mstaafu niliota kengele inayopigwa kwa nguvu zote bila kutoa sauti, na watoto wote wakaisikia. Mjomba akija kunigusa bega huuliza neno moja tu: "Vipi?" Nami, kabla sijarudi vizuri, hujibu: "Kuna kitu karibu na ubavu wa kushoto." Tukifumua pale tunakikuta.

Mgongo wangu ni mzuri. Wa Mjomba ni zaidi. Aliwahi kulalia godoro nene la shibiri nzima akasema ndani mna punje mbili za mtama, si moja, na zilikuwa mbili.

Magodoro ya zamani yakiletwa kujazwa upya huja na mambo yake. Watu huficha vitu humo: pesa, barua, pete, picha ya mtu ambaye hakutakiwa kupigwa picha. Mjomba ana sheria moja juu ya hilo, na haina msamaha. Ulichokikuta ndani ya godoro la mtu unakirudisha palepale, hukihesabu, hukisomi, humwambii mtu, na hata mwenye godoro humwambii kwamba umekiona. Kuna kijana alifukuzwa kazi kwa kumwuliza mteja kwa nini anaweka soksi ya mtoto mchanga ndani ya godoro wakati hana mtoto. "Sisi ni mafundi wa usufi," Mjomba alisema siku hiyo, "ya ndani si yetu."

Sasa deni. Sitaki kulizunguka. Nilikopa kwa mtu wa riba nikanunua vifaranga mia mbili. Vikakua vikawa kuku, vikanenepa, nami nikaanza kutembea kwa maringo na kuwapa majirani ushauri ambao hawakuuomba. Kisha kideri kikaingia bandani, na katika siku tatu nilibaki na majogoo wawili tu, ambao nao waliona aibu kuwika. Yule mkopeshaji alipokuja na mkokoteni kuchukua kitanda changu na jiko langu, Mjomba alimlipa laki nane mkononi, palepale mlangoni, akamwambia arudi na mkokoteni wake ulivyokuja.

"Utanilipa elfu kumi kila wiki," akaniambia. "Riba sitaki. Ila wiki isiruke."

Mshahara wangu ni elfu ishirini kwa wiki. Nilikubali huku nalia, na nilikuwa na maana ya kulipa. Hilo naomba liandikwe.

Tangu wiki ile nikaanza kuota kuku. Nilalie godoro la yeyote yule, nawakuta nyuma yangu barabarani, mia mbili kamili, weupe, wananifuata kimya kimya. Hawakuwa na ubaya. Nikisimama wanasimama, nikivuka wanavuka kwa adabu kuliko watu. Kila Jumamosi nilipompa Mjomba elfu kumi yake walipungua kidogo. Sikuwahi kuona wanakokwenda. Nilikuwa nikigeuka nakuta mstari umekuwa mfupi. Kufikia wiki ya thelathini walikuwa wamebaki mia na ishirini na kitu, na nilikuwa nimeanza kuwazoea. Nilikuwa nalala kwa hamu ili nijionee deni langu linavyokonda.

Ndipo binti yangu akapata barua. Alikuwa amesema tangu ana miaka tisa kwamba atakuwa mkunga, na kila mwaka nilidhani atabadilisha mawazo, hakubadilisha. Chuo cha ukunga kilimkubali kwa masomo ya mwaka unaofuata. Ada ya muhula wa kwanza ilikuwa laki tatu, ilipwe si zaidi ya Ijumaa fulani, na kulikuwa na sentensi fupi chini, iliyopigwa mstari, kwamba asiyelipa nafasi yake atapewa mwingine. Tulibakiwa na miezi kumi. Niliisoma ile sentensi mpaka nikaijua kwa moyo.

Nikapiga hesabu, na kila nilivyoipiga iligoma. Nikimlipa Mjomba kama tulivyopatana, deni litaisha salama na binti yangu atabaki nyumbani akifagia ua. Nikiacha kumlipa, nitakuwa mtu gani? Nilitaka yote mawili yaende pamoja, deni lishuke na akiba ipande. Lakini nilimjua Mjomba, au nilidhani namjua. Niliona aibu kumwambia mtu anayenidai kwamba nataka kuweka akiba. Niliona atasema, "Kumbe unazo." Hapo ndipo nilipofanya jambo nisilojivunia.

"Mjomba, mwenye nyumba amepandisha kodi," nilimwambia. "Naomba nikulipe elfu tano kwa wiki, mpaka mambo yakae sawa."

Alikuwa anatia uzi kwenye shazia, ile sindano ndefu ya magodoro. Alilikosa tundu mara mbili, akanipa mimi nimtilie.

"Sawa, mpwa wangu," akasema. "Kama amepandisha, amepandisha."

Pesa zenyewe niliziweka wapi? Kwenye simu zisingekaa. Simu yangu ina majirani wengi wenye dharura. Nyumbani tuna chumba kimoja na kufuli la kuchekesha. Lakini pale mbele ya karakana pana godoro la mfano. Haliuzwi. Mjomba alilishona zamani kwa usufi wa daraja la kwanza, na kazi yake ni kuminywa na wateja ili waone tofauti na haya ya sponji yanayouzwa kila kona. Likipasuka linashonwa, halitoki. Kila mchana wenzangu walipokwenda kula, mimi nilijinyoosha pale, kwa sababu chakula cha mchana nilikuwa nimekikata: elfu mbili za tumbo langu ziliungana na elfu tano za Mjomba, zikawa saba kila wiki. Niliacha tundu dogo upande wa miguuni, upana wa kidole gumba, nikawa nasukumia humo kibunda kilichofungwa kwa uzi, kisha nafunga kwa mishono miwili. Halafu nazunguka, nalala juu yake, nafumba macho.

Ndoto za pale zilikuwa zangu mwenyewe. Niliona ujenzi. Mwanzo ulikuwa ukuta mmoja tu, mrefu, katikati ya majani, na binti yangu amesimama pembeni yake ameshika viatu mkononi. Wiki iliyofuata ukuta ulikuwa na dirisha. Kisha ukaja ukuta wa pili, ikawa njia ndefu ya jengo lisilo na paa, na mawingu yakapita ndani yake kwa mwendo wa watu wanaokwenda kazini. Kila kibunda kilileta kitu: mlango, ndoo, kitanda cha chuma, saa ya ukutani isiyo na mishale. Binti yangu akawa anakwenda mbele zaidi, na gauni lake likawa jeupe pole pole, kuanzia chini kwenda juu. Nilikuwa naamka na njaa inaniuma na nacheka.

Na wale kuku? Walikuwepo, nje ya jengo. Bado walipungua, ila kwa taabu, na siku hizi hawakunifuata. Walisimama tu wakinitazama. Nilijitia hamnazo.

Mambo mengine nayo nilijitia siyaoni. Mjomba alianza kunipa mimi nitie uzi kila mara. Aligonga goti kwenye benchi ambalo limekaa pale tangu sijazaliwa. Nilimtania kwamba anazeeka, akacheka, akasema benchi ndilo linalotembea. Alipokuwa anapokea elfu tano yangu Jumamosi aliipapasa noti kwanza, na mimi, nikiwa na hatia yangu, nilidhani ananipima.

Wiki arobaini na tatu zikapita hivyo. Ilibaki Ijumaa ile, na ilikuwa Jumatano. Akiba yangu ilikuwa laki tatu na elfu moja. Nilikuwa nimelalia godoro la mfano mchana, karibu nizame, niliposikia mtu anakaa ukingoni. Alikuwa mkaza mjomba, mkewe Mjomba, mwanamke ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kukaa bila kwanza kukung'uta mahali. Siku hiyo alikaa tu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Ameenda kununua vitambaa."

"Peke yake?"

"Kwani anatakiwa aende na nani?"

Akanitazama kama mtu anayeamua kuvunja ahadi. "Alisema usiambiwe. Mimi nimechoka kunyamaza. Mjomba wako haoni, mwanangu. Jicho la kushoto limekwisha. Mtoto wa jicho aliachwa akaiva mpaka akaleta presha ndani, na daktari anasema hilo basi. La kulia bado linaokoleka, likifanyiwa upasuaji sasa, na siku ya upasuaji ni Ijumaa. Laki mbili na nusu. Mwaka jana tulikwenda, tukaambiwa yote mawili yanawezekana. Tukarudi nyumbani kutafuta pesa."

"Mwaka jana?" nikasema. "Mwaka jana mwezi gani?"

Alinitajia. Ilikuwa wiki chache baada ya mimi kupandishiwa kodi na mwenye nyumba ambaye hakupandisha kitu.

"Biashara unaiona, watu wamehamia sponji," aliendelea. "Na akiba yake ndiyo ile aliyompa yule mtu wako wa mkokoteni. Nikimwambia akuombe ulipe haraka, ananijibu kwamba mlipatana, na pesa iko kwa mtu mwaminifu, itakuja."

Alisema hivyo bila kunikusudia ubaya, na ndiyo maana iliniingia mpaka ndani. Akanyanyuka, akaniachia maelekezo kwamba Mjomba akirudi nimwambie amekuja kuchukua funguo. Nikabaki nimekaa juu ya laki tatu na elfu moja.

Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingefanya. Nilichukua mkasi nikaligeuza godoro ubavu ili nifumue upande mzima wa miguuni, maana kwa lile tundu la kidole vibunda arobaini na tatu visingetoka siku hiyo. Mkasi ulipofika kwenye fundo la mwisho wa mshono, mkono ulisita. Mimi hufunga mafundo kwa mkono wa kulia. Lile lilikuwa limefungwa kwa kushoto, na katika karakana yetu mwenye mkono wa kushoto ni mmoja. Uzi ulikuwa mpya.

Nakiri, wazo la kwanza lilikuwa baya: amezichukua. Nikafumua. Vibunda vyangu havikuwepo. Palikuwa na kipande cha kitambaa laini kilichokunjwa bapa, na ndani yake noti zimenyooshwa moja moja, zimepangwa kwa safu nyembamba, zimefunikwa juu na chini kwa usufi uliochambuliwa mpaka hauna hata unyuzi mgumu. Hata ile ya wiki iliyopita ilikuwa imeshanyooshwa. Hakuna iliyopungua. Alikuwa amezipanga hivyo ili mteja atakayekalia godoro la mfano asihisi uvimbe akaulizia, na ili mwizi akipapasa asipate kitu. Alikuwa anakuja asubuhi kabla yetu, analilalia, anasikia kibunda kipya, anafumua, ananyoosha, anashona. Kwa macho yale.

Na mgongo wangu ulikuwa umeniambia. Kwa miezi nilikuwa nahisi pale miguuni pamekuwa laini mno, nikasema ni mazoea.

Mjomba alirudi na vitambaa begani, akagusa mwimo wa mlango kabla ya kuingia. Nilikuwa nimesimama na lile furushi mikononi.

"Shikamoo, Mjomba. Nimefumua godoro la mfano."

"Marahaba. Kwa nini? Limeharibika?"

"Unajua nilichokikuta."

"Sijui," alisema, akaweka vitambaa chini. "Na wewe usiniambie. Sheria ni sheria."

Nikakasirika. Ndiyo, mimi mwenye kosa nikakasirika, mpaka sauti ikapanda. "Mjomba, acha sheria! Mkaza mjomba amekuja hapa. Najua habari ya jicho. Umelala juu ya pesa za dawa yako mwaka mzima, unanyoosha noti, husemi! Ungekuwa umepofuka yote mawili ungesema sheria?"

Alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. Uani fimbo zilikuwa zimenyamaza, wale wawili wamerudi kutoka kula na wametega masikio.

"Kodi haikupanda," nikasema. Sauti ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ileile. Mwenye nyumba wako nimemjazia magodoro mara tatu, mpwa wangu. Nilimwambia, mbona unamwumiza mtoto wa dada yangu kwa kodi. Akaniapia hajapandisha hata senti. Na ndiye aliyeniambia habari za chuo, amesikia kwa binti."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nakungojea wewe useme." Alikuwa anausugua uso kwa kiganja. "Kila Jumamosi ukiniletea ile elfu tano nasema, leo ataniambia. Si pesa. Pesa nilikuwa nazijua ziko wapi, nazipapasa kila wiki. Nilitaka uje uniambie binti anakwenda kuwa mkunga, tufurahi kama watu wa nyumba moja. Habari njema ya nyumbani kwangu nimeisikia kwa mwenye nyumba!"

Sijawahi kupigwa na mjomba wangu maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilijua inavyokuwa. Nililia mbele yake na mbele ya wale wawili, sikujali. Nilimwambia niliogopa atasema kumbe ninazo. Akasema, "Unazo nini? Umekopa, unalipa, unaweka cha mtoto. Mimi ningefanya nini kingine?" Na hilo lilikuwa baya kuliko yote, maana lilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

Nikamwekea furushi mapajani. Akalirudisha. Nikalirudisha tena.

"Ada ni Ijumaa," akasema.

"Daktari naye ana Ijumaa."

"Jicho moja linatosha kushona. Hata bila jicho nashona."

"Basi shona. Ila mimi nimeacha kulala kuanzia leo. Utatafuta mgongo mwingine."

Alicheka, ingawa hakutaka, na alipocheka nikajua nimeshinda.

Kwa binti yangu sikucheka. Nilimkuta anapanga nguo zake kwa ajili ya chuo juu ya kitanda, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kodi, vibunda, jicho, kila kitu. Aliikunja ile barua mara nne akatoka nje. Niliona dirishani anaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi, akazianika tena. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Ungeniuliza mimi kwanza," alisema. "Babu alipomlipa yule mtu wa mkokoteni nilikuwepo. Kitanda hiki ninachopangia nguo ni chake."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema mpe. Lakini ungeniuliza."

Watu wawili siku moja walikuwa wameniambia neno lilelile. Nikamwambia nisamehe, na akasema atanisamehe, ila si leo.

Ijumaa tuligawana. Yeye alikwenda chuoni na elfu hamsini na barua ya kuomba asubiriwe mpaka muhula wa pili, miezi mitano mbele. Mimi nilikwenda hospitali na Mjomba, nimemshika mkono, naye analalamika kwamba namvuta. Dirishani kwa mpokea pesa kulikuwa na fomu. Mpokea pesa, mwanamke mwenye miwani juu ya kichwa, aliniuliza bila kuinua uso:

"Wewe mlipaji ni nani yake?"

"Ananidai," nikasema.

Akashusha miwani machoni. "Mama, hapa hapana sehemu ya hilo."

"Andika binti yake," Mjomba akasema nyuma yangu.

Nililipa laki mbili na nusu. Deni langu likabaki elfu thelathini na tano. Nilikaa kwenye benchi la mbao karibu na chumba cha upasuaji nikajaribu kulala, maana ndicho ninachojua kufanya, na kwa mara ya kwanza usingizi ulinikataa. Nilikodolea mlango macho makavu mpaka walipofungua. Jioni binti yangu alitupigia: wamekubali, wamegonga muhuri, lakini nafasi itashikiliwa miezi mitano na siku moja haitaongezwa. Aliuliza babu vipi. Nikamwambia anaomba chai. Akasema mwambie nitakuja kesho kumtia dawa ya matone, nijifunzie kwake.

Kitambaa cha jicho kilifunguliwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Mjomba, kama daktari alivyoelekeza. Mkaza mjomba alifunga mapazia ili mwanga usiingie kwa pupa. Binti yangu alikuwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko. Akaubandua mkanda taratibu, akaosha ukope, akarudi nyuma. Mjomba alipepesa. Alitazama mkono wake kwanza, akaugeuza. Alitazama pazia. Akamtazama mkewe, akamwambia gauni hilo hajapata kuliona, na mkewe akasema analo mwaka wa pili, akageukia ukuta.

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani wake, nina jibu mdomoni. Hakutania. Alinitazama usoni, akashuka shingoni, kwenye mabega, kwenye mikono, akarudi usoni.

"Umekonda hivi tangu lini?"

Nikasema si kitu, ni kazi.

"Tangu lini?" akauliza tena, na safari hii sikumdanganya. Nilimwambia tangu nianze kuweka. Nilimwambia habari ya chakula cha mchana, elfu mbili kwa wiki, wiki arobaini na tatu.

Aliweka kiganja chake usoni pangu, akapapasa mfupa wa shavu kwa kidole gumba. Mwaka mzima alikuwa amezinyoosha zile noti kwa mkono ule, moja moja, akijua elfu tano za kila kibunda zilikatwa kwenye deni lake, na hakujua zile mbili za juu zilitoka wapi. Mdomo wake ulianza kutetemeka. Binti yangu akasema haraka, "Babu, usilie, daktari amekataza wiki mbili," akatafuta pamba, lakini tulikuwa tumeshachelewa.